Dondoo, Deni na Sheria: Hakimiliki na Ubunifu wa Muziki katika Enzi ya Udondoaji wa Sauti

1.0 Utangulizi

Suala la kazi moja ya sanaa kuchota kutoka kwa nyingine si geni kwa wahakiki wa fasihi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, nadharia ya mwingilianomatini, inayohusishwa hasa na Julia Kristeva, imewazoesha wasomi kuamini kwamba hakuna matini inayozaliwa peke yake. Kila matini hujengwa juu ya matini zilizoitangulia. Huzijibu, huzikejeli au huziendeleza. Jambo linalojadiliwa kwa nadra katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni kile kinachotokea pale mwingilianomatini unapofikishwa mbele ya jaji, akatakiwa aamue ni nani anayemdai mwenzake na ni kiasi gani. Historia ya muziki tangu miaka ya 1970 inatoa ushahidi mwingi kuhusu jambo hilo.

Makala haya yanachunguza jinsi sheria ya hakimiliki ilivyoathiri ubunifu wa muziki tangu kuzuka kwa udondoaji wa sauti. Kwa udondoaji hapa inakusudiwa mbinu ya kukata kipande cha rekodi iliyokwisha kutolewa, kiwe pigo la ngoma, mguno wa mwimbaji au mlio wa tarumbeta, na kukitia katika wimbo mpya, mara nyingi kwa kukirudiarudia au kukibadilisha kasi. Wanamuziki hukiita kipande hicho sampuli. Neno dondoo limeteuliwa kwa sababu linabeba maswali ambayo kila mwanafunzi wa fasihi anayajua: maneno haya ni ya nani, aliambiwa nani, na katika muktadha upi? Hoja kuu ya makala haya ni kwamba sheria ya hakimiliki, kwa kuwa ilizaliwa kutokana na kitabu kilichopigwa chapa, huusoma muziki kama maandishi. Matokeo yake ni kwamba imemlinda mwenye karatasi na mwenye rekodi kuliko inavyomlinda mtendaji, na imeamua kwa kiasi kikubwa ni muziki wa aina gani unaoweza kutungwa.

2.0 Muziki kama Maandishi

Sheria ya Malkia Anne, iliyoanza kutumika Uingereza mwaka 1710, ililenga vitabu. Haikutaja muziki. Ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya swali la muziki kuamuliwa. Mwaka 1777, katika kesi ya mtunzi Johann Christian Bach dhidi ya wachapishaji waliotoa kazi zake bila idhini, Jaji Mansfield alishikilia kwamba muziki nao ni maandishi, kwa kuwa hufikishwa kwa watu kwa njia ya alama zilizoandikwa. Uamuzi huo ulimfaa Bach. Hata hivyo, uliuingiza muziki katika sheria kupitia mlango wa karatasi, na athari za mlango huo hazijatoweka.

Huko Marekani, tatizo hili lilijitokeza upya mwaka 1908. Mahakama ya Juu iliamua kwamba karatasi zenye matundu zilizotumiwa kuendesha piano za mashine hazikuwa nakala za wimbo, kwani binadamu hangeweza kuzisoma. Bunge lilijibu kwa sheria ya mwaka 1909, iliyomruhusu yeyote kurekodi upya wimbo uliokwisha kurekodiwa almuradi amlipe mtunzi ada ya senti 2 kwa kila nakala. Rekodi yenyewe, yaani sauti iliyonaswa, haikupata ulinzi wa sheria ya kitaifa hadi tarehe 15 Februari 1972.

Kutokana na historia hiyo, wimbo mmoja hubeba hakimiliki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na mahadhi, na humhusu mtunzi au mchapishaji wake. Ya pili ni ya rekodi, na kwa kawaida humilikiwa na kampuni iliyogharimia kurekodi. Zao la mgawanyo huu ni ukinzani ambao haueleweki kwa urahisi: mwanamuziki wa Marekani anaweza kuimba upya wimbo mzima wa mwenzake kwa kulipa ada iliyowekwa na sheria, bila kuomba ruhusa, lakini akitaka kudondoa sekunde mbili za rekodi ya wimbo huo huo, anahitaji idhini ya pande zote mbili, na kila upande una uhuru wa kukataa au kutaja bei yoyote.

3.0 Sanaa ya Kushona Viraka

Mbinu ya udondoaji haikuanzia katika studio. Mnamo 1973, katika mtaa wa Bronx jijini New York, DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, alitumia nakala mbili za sahani moja ya santuri kurefusha sehemu ambapo vyombo vingine hunyamaza na ngoma kubaki peke yake. Sehemu hiyo fupi ndiyo iliyowainua wachezaji. Kufikia 1987 na 1988, mashine za kidijitali kama SP-1200 na MPC60 zilikuwa zimemwezesha kijana asiye na bendi kuhifadhi vipande vya sauti na kuvipanga kwa kubonyeza vitufe.

Kazi zilizofuata zilikuwa na ujumi wake mahususi. Katika albamu ya Public Enemy ya mwaka 1988, It Takes a Nation of Millions to Hold Us Back, vipande vingi hulundikwa juu ya vingine hadi msikilizaji ashindwe kuvitenganisha. Kelele yenyewe inakuwa hoja ya kisiasa. De La Soul, katika 3 Feet High and Rising ya mwaka 1989, waliukusanya muziki wa namna nyingi kwa ucheshi, wakiuchanganya na masomo ya lugha ya Kifaransa. Mwaka huo huo Beastie Boys walitoa Paul's Boutique, albamu yenye madondoo zaidi ya 100. Kazi hizi zinafanana na nguo ya viraka ambayo thamani yake imo katika uteuzi na ushonaji. Mshonaji hajidai kuwa alifuma kila kitambaa. Anachojivunia ni mpangilio.

Hapana budi kusisitiza kwamba sanaa hii ilitegemea wingi. Dondoo moja refu linalotambulika haliwezi kufanya kazi iliyofanywa na madondoo 20 mafupi. Hapo ndipo sheria ilipougusa ubunifu katika kiini chake.

4.0 Kutoka Kiwanjani hadi Mahakamani

Tarehe 17 Desemba 1991, Jaji Kevin Thomas Duffy wa New York alitoa uamuzi katika kesi iliyomhusu mwanamuziki Biz Markie, ambaye alikuwa amedondoa wimbo wa Gilbert O'Sullivan wa mwaka 1972, "Alone Again (Naturally)". Jaji aliufungua uamuzi wake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi, akaizuia albamu isiuzwe, na kupendekeza mashtaka ya jinai yafikiriwe. Katika uamuzi huo mfupi hamna mjadala wa iwapo dondoo laweza kuwa namna halali ya utunzi. Biz Markie alijibu kwa njia ya kisanaa: albamu yake ya mwaka 1993 aliiita All Samples Cleared!, yaani madondoo yote yamepata idhini.

Zaidi ya miaka miwili baada ya uamuzi huo mwelekeo tofauti ulijitokeza. Kundi la 2 Live Crew lilikuwa limeukejeli wimbo wa Roy Orbison, "Oh, Pretty Woman", baada ya kampuni ya Acuff-Rose kulinyima idhini. Mwezi Machi 1994, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mwigo wa kejeli unaweza kuwa matumizi ya haki hata ukiuzwa kwa faida. Uamuzi huu ni wa manufaa kwa mhakiki, kwani unakiri kwamba kazi inayoibadilisha kazi nyingine kwa kuipa maana mpya ina thamani kwa umma. Hata hivyo, uliifaa zaidi tashtiti, yaani kazi inayoisema ile iliyochotwa. Mdondoaji anayelichukua pigo la ngoma kwa sababu linapendeza, bila nia ya kulikejeli, hakupata kinga ya wazi.

Pigo zito zaidi lilitua katika kesi ya Bridgeport. Kampuni hiyo, iliyomiliki sehemu kubwa ya utunzi wa George Clinton na kundi lake la Funkadelic, ilifungua mwaka 2001 mashtaka yenye madai karibu 500 dhidi ya washtakiwa wapatao 800. Mojawapo ya madai lilihusu mlio wa gita wa sekunde 2 uliodondolewa na N.W.A katika wimbo wa mwaka 1990. Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Sita iliamua mwaka 2005 kwamba kwa rekodi hakuna kiasi kidogo mno kisichohitaji leseni. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ilikataa kuufuata msimamo huo, ilipoamua kwamba mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23 katika wimbo wa Madonna, "Vogue", ulikuwa mdogo mno kuweza kulalamikiwa. Kwa hiyo, katika nchi moja dondoo lile lile laweza kuwa kosa katika mji mmoja na kuwa halali katika mji mwingine.

Ulaya nako ubishi haukuwa mfupi. Kundi la Kraftwerk lilimshtaki Moses Pelham kwa sekunde 2 za "Metall auf Metall" ya mwaka 1977, zilizotumiwa katika wimbo wa mwaka 1997. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisisitiza mwaka 2016 kwamba uhuru wa sanaa lazima uzingatiwe. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba hata kipande kifupi sana huhitaji idhini, isipokuwa kiwe kimebadilishwa hadi sikio lisikitambue. Kigezo hiki kinashangaza kwa jicho la fasihi: mdondoaji anayekificha chanzo chake ndiye anayesalimika, ilhali anayemwacha msikilizaji akitambue anawekwa hatarini. Uhakiki wa fasihi hufundisha kinyume chake.

Athari za kesi hizi zilisikika katika muziki wenyewe. Nguo ya viraka ilipungua. Waliokuwa na fedha walichagua dondoo moja au mawili makubwa yanayotambulika, ambayo gharama yake ingerudishwa na mauzo. Mathalani, wimbo wa Puff Daddy wa mwaka 1997, "I'll Be Missing You", ulijengwa juu ya kibao kimoja cha kundi la The Police. Wengine walikodi wapigaji ili wapige upya mahadhi waliyoyataka, kama alivyofanya mara nyingi Dr. Dre katika The Chronic ya mwaka 1992, wakiepuka hakimiliki ya rekodi. Watafiti Kembrew McLeod na Peter DiCola, katika kitabu chao Creative License cha mwaka 2011, walikadiria kwamba albamu za aina ya Paul's Boutique, lau zingelipiwa leseni kwa viwango vya baadaye, zingeleta hasara kwa kila nakala iliyouzwa. Albamu za mwanzo za De La Soul nazo zilikosekana katika huduma za kusikiliza muziki mtandaoni hadi tarehe 3 Machi 2023, kwa sehemu kubwa kutokana na utata wa idhini za madondoo. Mmoja wa waasisi wa kundi hilo, David Jolicoeur, alikuwa amefariki majuma machache kabla ya siku hiyo.

5.0 Karatasi na Pumzi

Kufikia hapa yawezekana kudhani kwamba mgogoro uliopo ni kati ya mdondoaji na mdondolewa, na kwamba kila sheria inapomkaza wa kwanza humnufaisha wa pili. Kesi ya mpiga filimbi James Newton inaonyesha kwamba dhana hiyo haitoshi.

Newton alitunga "Choir" mwaka 1978. Katika kazi hiyo anapuliza noti moja ya filimbi huku akiimba noti nyingine kwa koo lake, hivi kwamba sauti mbili hukutana, kukwaruzana na kuzaa nyingine ambazo hazikuandikwa. Alieleza kwamba chimbuko lake ni kumbukumbu ya utotoni ya wanawake wanne walioimba kanisani huko Arkansas. Mwaka 1992 Beastie Boys walidondoa sekunde 6 za mwanzo wa rekodi hiyo na kuzirudia zaidi ya mara 40 katika "Pass the Mic". Waliilipa kampuni ya ECM leseni ya rekodi, dola 1,000. Hawakumwomba Newton idhini ya utunzi.

Newton aliposhtaki, mahakama ilijiuliza ni nini hasa kilichotungwa. Kwa kuwa leseni ya rekodi ilikuwa imetolewa, swali lilibaki kwenye utunzi tu, na utunzi ukasomwa kama ulivyoandikwa katika karatasi iliyosajiliwa. Katika karatasi hiyo, sehemu iliyodondolewa ilikuwa na noti tatu zinazoimbwa juu ya noti moja inayoshikiliwa. Mnamo 2003, na katika uamuzi uliorekebishwa mwaka 2004, Mahakama ya Rufani iliona kwamba matumizi ya noti hizo yalikuwa madogo mno kuweza kulalamikiwa. Namna ya kupuliza, mkwaruzo wa sauti na uzito wa pumzi vilihesabiwa kuwa utendaji, na utendaji ni sehemu ya rekodi.

Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi uamuzi huu una mafunzo mazito. Wataalamu wa fasihi simulizi wamesisitiza kwa muda mrefu kwamba ngano iliyoandikwa ni kivuli cha ngano iliyotambwa. Kiimbo, ishara za mwili, kimya na itikio la hadhira ni viungo vya kazi yenyewe. Mahakama ilifanya kinyume: ilikitenga kivuli, ikakipima, ikakiona chepesi. Kilichowavutia Beastie Boys bila shaka hakikuwa noti tatu, ambazo mtu yeyote angeweza kuzipiga. Kilichowavutia ni pumzi ya Newton. Na pumzi hiyo, kisheria, ilikuwa mali ya kampuni.

Hali ya wapiga ngoma ni ya kusikitisha zaidi. Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga ngoma katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotolewa mwaka 1970, na pigo lake limo katika nyimbo nyingi mno za baadaye. Utunzi uliandikishwa kwa jina la Brown. Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na sehemu katika utunzi wala katika rekodi. Gregory Coleman naye alipiga sekunde zipatazo 6 za ngoma katika "Amen, Brother" ya kundi la The Winstons, mwaka 1969. Kipande hicho kimedondolewa katika nyimbo zaidi ya 1,000 na kikawa msingi wa mitindo mizima ya muziki wa Uingereza. Coleman alifariki mwaka 2006 bila kulipwa kwa dondoo hilo. Kiongozi wa kundi, Richard Spencer, alipata mchango wa hiari wa mashabiki mwaka 2015. Sheria inayojua noti na mashairi haikuwa na safu ya kuandikia jina la mpiga ngoma.

6.0 Sauti Zilizorekodiwa Nyanjani

Udhaifu huo hukua maradufu pale mtendaji anapokuwa mwanakijiji aliyerekodiwa na mtafiti. Mwaka 1992 kundi la Ufaransa, Deep Forest, lilipata umaarufu kwa "Sweet Lullaby", wimbo uliojengwa juu ya sauti ya Afunakwa, mwanamke wa kisiwa cha Malaita katika Visiwa vya Solomon. Bembelezi yake ilikuwa imerekodiwa na mtafiti Hugo Zemp na kutolewa katika mkusanyo wa UNESCO miaka ya 1970. Zemp alilalamika hadharani kuhusu matumizi hayo, na msomi Steven Feld alilichambua suala zima mwaka 2000. Kwa mujibu wa mantiki ya hakimiliki, mwenye rekodi alikuwepo. Mtunzi hakuwepo, kwa kuwa bembelezi ilihesabiwa kuwa ya mapokeo.

Kenya ina mfano wake, nao unazuia hitimisho la haraka. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi Kapkatet wasichana wa Kikipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika eneo hilo. Waimbaji walikuwa wamelichukua jina la mgeni, wakalitia katika matamshi yao, na kumfanya mwenyewe kiumbe nusu mtu nusu swara. Hawakuomba idhini ya mtu. Kwa hivyo waliorekodiwa nyanjani wasionekane kama chemchemi inayochotwa tu. Nao walichota, wakabuni. Tofauti ilikuwa katika uwezo: rekodi yao ilisafiri ulimwenguni, na jina la Tracey ndilo lililosafiri nayo.

7.0 Takhmisa kama Kipimo cha Deni

Je, kuna namna ya kudondoa isiyoficha chanzo wala kukizuia kizazi kipya kutunga? Ushairi wa Kiswahili una kielelezo kinachofaa kutafakariwa. Katika takhmisa, mshairi huchukua beti za mtangulizi wake zenye mishororo miwili miwili, akaitangulizia kila moja mishororo mitatu yake, ukapatikana ubeti wa mishororo mitano. Takhmisa ya Liyongo, inayohusishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ndiyo inayojulikana zaidi. Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, kilichochukuliwa ni kingi: mishororo yote ya mtangulizi imo. Pili, hakijafichwa, utanzu wenyewe hutangaza kwamba hapa sauti ni mbili. Tatu, mshairi wa pili analazimika kuifikisha mishororo yake kwenye kina cha mwenzake, na ustadi wake hupimwa kwa namna anavyofika. Deni linakuwa kanuni ya utunzi.

Pwani hiyo hiyo imeendelea kuazima katika taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kuyaimbia mashairi ya Kiswahili mahadhi ya filamu za Kihindi, na wasikilizaji wake waliifurahia safari ya mahadhi hayo kutoka Bombay hadi Mji wa Kale. Hata hivyo, mfano huu usitumiwe kupaka sukari. Kutaja jina la mtangulizi kulitosha katika jamii ambamo malipo ya mshairi yalikuwa heshima. Kanda na sahani zilipoanza kuuzwa, heshima peke yake haikutosha, na ubishi wa muda mrefu kuhusu mtunzi halisi wa "Malaika" unashuhudia hivyo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba sheria ya hakimiliki imeshiriki katika utunzi wa muziki wa kisasa kana kwamba nayo ni mtunzi. Iliufanya udondoaji wa wingi kuwa anasa, ikayapa madondoo makubwa ya wenye fedha nafasi ya mbele, na wakati huo huo ikashindwa kuwalipa wengi wa wale ambao sauti zao ndizo zilizodondolewa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inakubali kwamba utunzi waweza kuwekwa katika rekodi badala ya karatasi, na inampa mtendaji haki zake. Hayo ni mazuri. Hata hivyo, mwandishi wa rekodi kwa mujibu wa sheria hiyo ni yule aliyefanya mipango ya kurekodi, na matumizi ya haki yanayotajwa, kama vile utafiti, uhakiki na kuripoti matukio, hayalitaji dondoo la kisanaa. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 11, inaliagiza Bunge lihakikishe jamii zinalipwa fidia au mirabaha kwa matumizi ya tamaduni zao, na sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi ilitungwa kwa lengo hilo. Kinachokosekana ni daraja kati ya pande hizi mbili: utaratibu wa ada inayojulikana, mfano wa ule wa mwaka 1909 kwa nyimbo zinazoimbwa upya, utakaomruhusu kijana wa studio ndogo ya Nairobi kudondoa bila kuogopa, kwa sharti kwamba achotaye amtaje aliyechotwa na kwamba sehemu ya ada imfikie mtendaji mwenyewe.

Wahakiki wa fasihi wana mchango katika kulijenga daraja hilo, kwa kuwa wao ndio waliozoea kusoma utendaji kama kazi kamili na dondoo kama kitendo chenye maana. Ni matumaini ya makala haya kwamba utafiti zaidi utafanywa kuhusu hifadhi za rekodi zilizokusanywa Afrika Mashariki katika karne ya 20, ili majina ya waimbaji yatafutwe na kuandikwa wakati bado wapo wanaowakumbuka.